Kitabu cha Kuhariri Picha Huchaguliwa kwa Kazi Iliyo Mezani

Mwenye studio ndogo pale Lanet, kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Nakuru, hupokea kazi za kila namna kwa wiki moja. Kuna picha za pasipoti. Kuna simu inayoletwa ikiwa na picha ya babu aliyefariki, isafishwe na kukuzwa ili ikae kwenye jalada la kijitabu cha mazishi kabla ya Ijumaa. Kuna harusi ya Jumamosi. Kisha kuna ile siku maofisa wapya wanapohitimu katika Kenya Military Academy, ambapo familia humiminika Lanet kutoka kaunti za mbali, na kila moja inataka picha ya mwanawe katika sare ya gwaride, vifungo vikimeta na uso ukionekana vizuri chini ya kofia.

Kazi hizi zote hupita katika kompyuta ileile, mara nyingi katika programu ileile, na ndiyo maana wanaoanza hudhani kitabu kimoja cha programu hiyo kitawatosha. Hununua kinene kuliko vyote, husoma kurasa kadhaa za maelezo ya menyu, huchoka, kisha hurudi kwenye video za YouTube. Kitabu hubaki rafuni kikiwa kipya. Hapo mtu asijilaumu kwa uvivu. Alinunua kitabu cha programu ilhali kilichokuwa kikimsumbua ni picha.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote yanatokana nao. Kabla ya kuuliza kitabu kipi ni bora, chukua picha tatu ambazo ulizihariri lakini hukuridhika nazo. Zichapishe, zitie kwenye bahasha, uende nazo unapochagua kitabu. Kitabu chako ni kile chenye majibu ya bahasha hiyo.

Aina nne za vitabu

Vitabu vya fani hii ni vingi, lakini ukivipanga vinaangukia makundi manne.

Kundi la kwanza ni vitabu vya kumtambulisha mtu kwa programu. Mfululizo wa Classroom in a Book, unaotolewa kwa jina la Adobe wenyewe, ndio mfano unaojulikana zaidi: masomo ya hatua kwa hatua, na faili za kufanyia mazoezi. Humfaa mtu ambaye hajawahi kufungua Photoshop kabisa. Ukimaliza utajua kila kifaa kiko wapi. Bado hutajua ni kipi utumie picha ya shangazi ikiletwa ikiwa imekunjwa mara nne.

Kundi la pili ni vitabu vya shida na jibu. Scott Kelby amejijengea jina hapa kwa The Adobe Photoshop Book for Digital Photographers: lugha nyepesi, mzaha mwingi, shida moja kwa kurasa chache, na tarakimu kamili za kuweka. Mtu mwenye mteja anayesubiri nje atakishukuru. Lakini tarakimu hizo zilipimwa kwa picha za mwandishi, na mwanga wako ukiwa tofauti zinakataa, kama vipimo vya chumvi vya sufuria ya nyumbani vinavyokataa kwenye karai la harusi. Soma vitabu hivi ukijiuliza kila mara: kwa nini ameweka hii na si ile? Kisipokupa sababu, kitakuacha palepale.

Kundi la tatu ni vitabu vya ufundi mmoja kwa kina, na kwa studio ya Lanet hili ndilo ningeanza nalo. Katrin Eismann alitoa Photoshop Restoration & Retouching mwaka 2001; toleo la nne, aliloliandika na Wayne Palmer na Dennis Dunbar, lilitoka 2019. Kinashughulikia picha zilizopauka, zilizopasuka, zilizoingia madoa, kisha kusafisha sura za walio hai. Hiyo ndiyo kazi ya vijitabu vya mazishi, ambayo haina msimu. Kwa walio kwenye harusi na kazi za kuchapisha, Jeff Schewe ana vitabu viwili vinavyofuatana: The Digital Negative (2012), kuhusu faili ghafi kutoka kwenye kamera, na The Digital Print (2013), kuhusu safari ya faili hadi kwenye karatasi.

Kundi la nne ni vitabu vya misingi. Dan Margulis, katika Professional Photoshop kilichoanza kutoka 1994, humfundisha msomaji kupima rangi kwa tarakimu badala ya kuamini skrini. Ni kigumu, na si cha kuanzia. Humo pia namweka Ansel Adams, ambaye hakuwahi kufanya kazi na Photoshop. Katika The Print anaeleza jinsi ya kuangaza sehemu moja ya picha na kuitia giza nyingine katika chumba cha giza. Ukiwa na brashi ya kompyuta mkononi, bado ni mawazo yake unayoyatekeleza.

Mwaka wa kutolewa una maana gani?

Watu huogopa kitabu cha zamani, na wakati mwingine woga huo huwapotezea hela. Photoshop ilianza kuuzwa Februari 1990. Leya za marekebisho, zinazokuwezesha kubadilisha mwanga na rangi bila kuharibu picha asilia, zilikuja 1996. Brashi ya kuponya, ambayo leo hakuna anayesafisha uso bila hiyo, ilikuja 2002. Mwaka 2013 Adobe waliacha kuuza matoleo mapya ya moja kwa moja wakahamia malipo ya kila mwezi. CS6 ya 2012 ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kununua na kuimiliki. Mwaka 2023 ikaja akili bandia ya kujaza sehemu za picha kwa maandishi ya amri.

Orodha hiyo inakupa kipimo. Sura inayohusu menyu na vitufe huzeeka kila baada ya miaka michache. Sura inayohusu histogramu, leya, maski, uchaguzi wa sehemu na usawa wa rangi haijazeeka tangu mwaka 2002. Kwa hiyo kitabu cha misingi au cha ufundi kinunue hata kikiwa cha mtumba. Kitabu cha kukutambulisha kwa programu kinunue tu kama toleo lake linakaribiana na lililo kwenye mashine yako. Kununua kitabu cha toleo jipya ilhali kompyuta yako ina toleo la miaka kumi iliyopita ni kujitafutia hasira: mwandishi atakuambia ubofye kitu ambacho kwako hakipo.

Anza na mashine uliyo nayo

Wengi Lanet hawalipii Photoshop kila mwezi, na hilo si sababu ya kutojifunza. Programu ya GIMP ni ya bure na halali, na mwongozo wake rasmi unasomwa bila malipo. The Book of GIMP cha Olivier Lecarme na Karine Delvare kilitoka 2013. Toleo la GIMP 3.0 la Machi 2025 limeleta njia ya kutumia vichujio bila kuiharibu picha asilia, jambo ambalo hutalikuta humo, lakini sura za leya, maski na uchaguzi bado zinafaa. Kwa faili ghafi, programu ya darktable pia ni ya bure na ina mwongozo mrefu ulioandikwa kwa uangalifu.

Kama unatumia Photopea ndani ya kivinjari, jua kwamba mpangilio wake unafuata ule wa Photoshop, hivyo sehemu kubwa ya kitabu cha Photoshop itakufaa. Kama kazi zako zote ziko kwenye simu ukitumia Snapseed, usinunue kitabu cha programu yoyote. Nunua cha mwanga na rangi, maana hicho kitakufuata utakapopata kompyuta.

Fungua sura ya uso kwanza

Hapa ndipo mnunuzi wa Kenya anapaswa kuwa mkali kuliko wa kwingine. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa kadi za Shirley, zenye sura ya mwanamke mzungu. Filamu ikawa nzuri kwa ngozi hiyo na mbovu kwa ngozi nyeusi. Miongoni mwa waliolalamika hadi rangi za kahawia zikaboreshwa ni watengenezaji wa samani za mbao na chokoleti. Filamu imepita, lakini mazoea yake yamebaki katika vitabu vingi: sura ya kusafisha ngozi ina nyuso tano, zote nyeupe, na ushauri wa kupunguza wekundu ambao mteja wako hana.

Kwa hiyo fungua sura ya uso kabla ya kusoma utangulizi. Tazama kama kuna ngozi nyeusi kwa ukubwa wa kutosha, na kama mwandishi anaizungumzia au ameiweka kama pambo. Mwaka 2022 Google walitangaza vipimo kumi vya rangi za ngozi vilivyobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk wa Harvard. Kitabu ambacho nyuso zake zote zingekaa kwenye vipimo vitatu vya mwanzo hakikuandikwa kwa wateja wa Nakuru.

Kisha tazama kinasemaje kuhusu kung'aa. Kwenye uso mweupe umbo huonekana zaidi kwa vivuli. Kwenye uso mweusi, mng'ao wa paji, pua na mashavu ndio hubeba umbo. Kitabu kinachokufundisha kufuta mng'ao wote kitakupa nyuso bapa kama za kuchongwa kwenye sabuni. Cha maana kinakufundisha kuupunguza kidogo na kuacha vinyweleo vya ngozi vionekane. Pia kinakupa kipimo: chini ya mwanga wa kawaida, ngozi ya binadamu yeyote karibu daima huwa na nyekundu zaidi kuliko kijani, na kijani zaidi kuliko buluu. Paji la uso likiwa la samawati, huenda ni anga ya wazi ya Lanet iliyojiakisi, si rangi ya mtu. Lee Varis aliandika kitabu kizima kuhusu kuangaza, kupiga na kusafisha nyuso na miili, Skin (2006). Kimezeeka kwa menyu, lakini mada yake ndiyo hiyo hasa.

Tena, tuko karibu na ikweta. Gwaride la adhuhuri hukuta jua likiwa juu ya kichwa, na kofia ya ofisa hutupa kivuli hadi puani. Tafuta kitabu chenye sura ya kuinua vivuli kwa maski bila kupausha sare wala kuleta chembechembe gizani. Kama hakina, majibu ya bahasha yako hayamo.

Ukiwa na kitabu mkononi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: jalada linaloahidi ustadi kwa siku saba lirudishe rafuni. Halafu kagua mambo haya.

Tazama yaliyomo. Maski na leya zikitajwa baada ya nusu ya kitabu, mwandishi anakufundisha kuchora juu ya picha asilia kwanza, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Tazama picha za kabla na baada. Zikiwa ndogo kama stempu, hutaona kilichofanyika. Kwa sababu hiyohiyo, kitabu cha kielektroniki kinafaa kwenye kompyuta au tableti, lakini kwenye simu tofauti ndogo za ngozi hupotea.

Tafuta mahali mwandishi anaposema acha. Kitabu kizuri huonyesha picha iliyozidishwa na kueleza mpaka ulipovukwa.

Uliza kuhusu faili za mazoezi. Vitabu vya zamani vilikuja na diski, na vya baadaye vikawa na anwani ya tovuti. Cha mtumba kisicho na diski bado kinafaa kama kinafundisha sababu. Kama ni hatua tupu, kiache.

Mwisho, soma ukurasa mmoja wowote. Usipoelewa nusu yake kwa Kiingereza ulicho nacho, tafuta chepesi zaidi.

Pa kuvipata bila kuumia

Anza na maktaba ya umma ya Nakuru. Hata isipokuwa na kitabu unachotaka, vitabu vya upigaji picha na uchoraji humo vitakunoa jicho bure. Wanafunzi wa vyuo vya Nakuru, Egerton na Kabarak wakiwemo, wana maktaba zao. Kama una ndugu huko, mwombe akutazamie orodha. Mafungu ya vitabu vya mtumba ya Nairobi, yale yanayopangwa kando ya barabara katikati ya jiji, huficha vitabu vya kompyuta ambavyo muuzaji anaviona vimepitwa na wakati. Kwako wewe unayejua tofauti ya menyu na misingi, hapo ndipo bei nzuri ilipo. Ukimpata muuzaji wa Nairobi kwa simu, kitabu kinaweza kuja kama kifurushi kwa matatu za Nakuru.

Wenye studio watatu au wanne wanaweza kuchanga kama chama, kila mmoja akanunua cha kundi tofauti, wakabadilishana kila mwezi. Hiyo ni njia bora kuliko faili za wizi zinazosambazwa kwenye makundi ya simu. Mpiga picha anayelalamika kazi yake ikiibwa Facebook hana uso wa kuiba ya mwandishi, na faili hizo pia ni mlango wa virusi kwenye mashine yenye picha za harusi za watu.

Namna ya kukisoma

Kitabu cha kuhariri hakisomwi kitandani. Kisome mbele ya kompyuta, sura moja kwa wakati, na kila sura uitumie kwa picha zako mwenyewe baada ya zile za mwandishi. Faili asilia isiguswe kamwe. Fanya kazi kwenye nakala. Weka daftari, uandike kwa maneno yako ni shida gani ilitatuliwa na kwa njia gani. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kitabu, kwa sababu limeandikwa kwa nyuso za Lanet.

Chukua mfano wa picha ndogo ya marehemu. Kitabu kitakuambia uskani kwa wingi wa pikseli, lakini hesabu ifanye mwenyewe. Picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ikiskaniwa kwa pikseli 1,200 kwa inchi inatoa takriban pikseli 1,650 kwa 2,125. Kwenye jalada la A5 unapata karibu pikseli 280 kwa inchi, ambayo ni safi. Kwenye A4 zinashuka hadi karibu 200 au pungufu, na kasoro zinaanza kuonekana. Sasa unajua cha kumwambia mteja kabla hajaagiza bango. Na kama kilicholetwa ni picha ya picha iliyopigwa na simu, tena ya kitambulisho chenye mistari ya usalama juu ya uso, mwombe atafute ile ya karatasi sandukuni. Hakuna sura ya kitabu itakayorudisha kisichokuwepo.

Tena, chapisha jaribio. Skrini iliyowekwa mwanga mwingi itakudanganya kwamba picha inang'aa, kisha maabara ikuletee karatasi yenye giza. Chapisha picha moja yenye ngozi, nyeupe na kijivu mahali unapochapishia siku zote, uilinganishe na skrini, kisha ndiyo urekebishe.

Ambayo kitabu hakitakuamulia

Kitabu kitakufundisha namna ya kuondoa kovu, lakini hakitakuambia kama mwenye kovu anataka liondolewe. Uliza. Picha ya pasipoti usiibadilishe sura, maana kazi yake ni kumtambulisha mtu mpakani. Nishani ya ofisa usiiongeze wala kuipunguza. Akili bandia ya kurejesha picha za zamani itumie kwa ukuta na nguo, si kwa macho ya marehemu: inabuni pua na midomo ya mtu ambaye hakuwahi kuishi, na mjane ataijua tofauti kabla hujamaliza kulipwa. Jicho lililoharibika litafute kwenye picha nyingine ya mtu huyohuyo.

Sheria nayo ni ya hapa, si ya kitabuni. Kwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake binafsi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ile picha ya kabla na baada unayotaka kuiweka mtandaoni kujitangazia biashara iombee ruhusa kwanza.

Kubadilisha picha kwenyewe si dhambi, wala si jambo la kigeni. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, aliunganisha picha kadhaa kuwa moja katika studio yake kabla ya Photoshop kuzaliwa, na mwanaanthropolojia Heike Behrend ameandika kuhusu upigaji picha wa pwani katika Contesting Visibility (2013). Wateja wa Bakor walijua wanachonunua. Hilo ndilo sharti la kubeba kutoka kwake.

Ukinibana nitaje kwa kifupi: mwenye vijitabu vya mazishi aanze na Eismann, toleo lolote atakalolipata. Mwenye harusi na magwaride aanze na Schewe kuhusu faili ghafi, kisha Kelby kwa shida za haraka. Asiye na hela ya kitabu aanze leo na mwongozo wa GIMP na daftari. Margulis amsubiri yule aliyekwisha kuchapisha picha nyingi akachoka kubahatisha rangi. Na yeyote atakayekuambia kuna kitabu kimoja cha wote, mpe bahasha yako akuonyeshe ukurasa.